Mahali pa Kumweka Mama

Katika familia yetu mimi ndiye mwenye orodha. Kukiwa na harusi, hitima au shughuli yoyote ya watu wengi, huulizwa mimi nani kaalikwa, masufuria yanatoka wapi na nani analeta maji. Ndugu zangu hunicheka, wananiita mkuu wa mkoa, lakini siku ya shughuli wote hunijia na kusimama mbele yangu kungoja amri. Nasema haya mapema kwa sababu ni tabia hiyohiyo iliyonifanya, kwa muda wa siku nyingi, nisikione kitu kilichokuwa mbele ya pua yangu.

Tuko watano. Wa kwanza ni kaka, anayefanya kazi Maskati na kuja nyumbani kila baada ya miaka miwili au mitatu. Wa pili ni mimi, mwalimu wa sekondari Chake Chake. Wanafuata mapacha wa kiume, ambao hawajapata kuhama kijijini: wanalima, na wana gari moja wanaloliendesha kwa zamu. Wa mwisho ni mdogo wetu wa kike aliyeolewa Unguja. Baba alitangulia mbele ya haki zamani. Mama anakaa kulekule kwetu, upande wa kaskazini, si mbali na Shumba, katika nyumba tuliyozaliwa.

Miezi michache kabla ya safari ya kaka, nilimpeleka mama kwa daktari wa macho. Alikuwa anajigonga kwenye milango na kukanyaga kuku. Daktari alimpima kwa muda mrefu, akasema ni presha ya macho, imeshaharibu sehemu kubwa, na kilichokwenda hakirudi. Matone yatachelewesha tu. "Anaona kwa njia nyembamba sasa," aliniambia, "na njia yenyewe itafunga. Pengine miezi, pengine mwaka." Nilitoa simu nikaandika: matone, asubuhi na jioni, macho yote mawili. Niliandika pia siku ya kurudi. Mama alikuwa amekaa pembeni, mikono mapajani. Njiani aliuliza jambo moja tu, nalo ni kaka yetu anakuja lini.

Kaka alikuja kwa siku kumi, na mdogo wetu akavuka kutoka Unguja kumlaki. Mchana wa kwanza tulitandika busati ukumbini tukala pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka. Mama alikuwa akimtazama kaka kwa furaha. Mara akauliza, "Na pacha mkubwa yu wapi? Hakuja kula?"

Pacha mkubwa alikuwa amekaa ubavuni pake, bega kwa bega. "Niko hapa mama," akasema. Mama akageuza shingo yote, akamtafuta, akampata, akacheka. Baada ya matonge mawili akaniulizia mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpakulia mchuzi.

Jikoni mdogo wangu alininong'oneza, "Dada, mama ameanza kusahau." Nilimwambia ni umri, asitie maneno mengi. Lakini nami moyo ulinishuka. Macho yanakwenda, na sasa akili pia inakwenda, nikafikiri, hata ule mwaka wa daktari haujafika.

Tulipokwisha kunywa chai mama akasema, kama mtu anayeomba kitu kidogo cha dukani, "Nataka siku moja nikuoneni nyote watano pamoja. Nje, mchana kweupe. Kabla kaka yenu hajauya Maskati."

Mdogo wangu akadaka palepale. "Picha ya familia!" Akaanza kuzungumzia sare: wanaume kanzu nyeupe, wanawake rangi ya samli. Nami nikaona nimepata dawa. Tutapiga picha nzuri, nje, kwenye mwanga mwingi. Nitaipeleka ikakuzwe iwe kubwa kama mlango, nami nitaisimamisha mbele ya kitanda cha mama. Hata macho yakififia vipi, ataweza kutuona sote watano hadi siku ya mwisho. Mama hatundiki picha za watu ukutani, anasema anasali mle ndani, basi tukakubaliana itakaa kabatini na yeye ataitoa atakapo. Alitusikiliza, akatabasamu. "Haya, pigeni," akasema.

Nilifungua orodha mpya kwenye simu.

Mpiga picha tulimpata Wete, mwanamke mtu mzima anayepiga picha shughuli za kike. Ni mtu wa maneno machache na mizigo mingi. Masharti yake yalikuwa mawili: saa kumi jua likilala, na mahali pawe pamechaguliwa, kwa sababu hawezi kuja mara kumi. Kaka akasema pa kuchagua nini, na Vumawimbi ipo? Kule Maskati wenzake wakimwonyesha majangwa yao, yeye huwaonyesha mchanga wa Vumawimbi. Mdogo wetu akataka Pujini kwenye magofu, kwa sababu mawe ya kale yanapendeza na rangi ya samli. Pacha mmoja akasema Makoongwe, mwenzake akamuuliza kama atamvusha mama kwenye mashua au ataogelea naye. Mimi nilikuwa na changu moyoni, lakini nikawaacha watangulie. Mkubwa wa shughuli hasemi wa kwanza.

Tulianza na Vumawimbi, sisi watano, mama na kiti. Kiti kilikuwa cha mti, kizito, cha marehemu baba. Mdogo wetu alikikataa cha plastiki, akasema kitatuaibisha. Kwetu picha ya familia haina mjadala: mkubwa hukaa kitini, mbele, katikati, watoto husimama nyuma yake, warefu kati na wafupi pembeni. Sijapata kuona picha ya watu waungwana iliyopangwa vingine, na ningeiona ningesema hao wenyewe hawana adabu. Kwa hiyo tulikichimbia kiti mchangani, tukamkalisha mama, tukamtengenezea mtandio wake, tukajipanga nyuma, nami nikaweka simu juu ya boya la zamani ijipige yenyewe ili tuone itakavyokuwa.

Mama aliweka kiganja juu ya macho. Ule mchanga ulikuwa unawaka. "Pazuri wanangu," akasema. "Lakini si pano."

Kaka alikunja uso kidogo, kisha akasema ni kweli, mwanga unamuumiza. Tukafuta Vumawimbi.

Siku ya tatu tukaenda Pujini. Ni mbali, na mapacha waliigombea zamu ya kutoendesha. Tulipofika kiti kilibebwa mpaka kwenye ukuta uliobaki, kati ya vichaka, na mama akakalishwa. Tulikuwa tumebanana nyuma yake, jiwe mgongoni, mdogo wetu akitupanga kwa rangi. Mama aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia, taratibu, kama anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Pazuri," akasema. "Lakini si pano."

"Si pano kwa nini, mama?" aliuliza mdogo wangu, na sauti yake ilikuwa ya kulia.

"Pamebana." Garini alilala, au alifumba macho tu. Mdogo wangu alinitazama kwa jicho lile la jikoni, maana yake unaona, nilikwambia. Sasa tulikuwa wawili tunaoamini kuwa mama hajui anachotaka.

Zilikuwa zimebaki siku mbili kaka aondoke. Nikatoa changu. Juu ya nyumba yetu, kilimani, kuna mikarafuu ya baba. Aliipanda kwa mkono wake, na mama alikuwa akimpelekea uji kulekule. Nikaona huko mama hawezi kukataa. Nilimpigia mpiga picha aje moja kwa moja, hakuna tena kujaribu. Nilifagia majani mwenyewe asubuhi, nikakisia jua litapita wapi saa kumi, nikaweka alama nne chini za miguu ya kiti. Nakiri kwamba nilijisifu. Nilisema moyoni, mngelinisikiliza tangu mwanzo tusingelihangaika.

Saa kumi kamili sote tulikuwa tayari, kanzu nyeupe na rangi ya samli. Mpiga picha alisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akainama. Mama alikuwa kitini, sisi nyuma. Hewa ilinuka karafuu mbichi. Nikasema bismillahi.

Mama akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Akataka kuinuka, kaka akamshika bega kwa upole, akakaa tena. Kisha akasema, polepole, kama aliyechoka nasi, "Si pano wanangu."

Mori ukanipanda. Nilitoka nyuma ya kiti, nikasimama mbele yake, na mikono yangu ilikuwa kiunoni kama niko darasani. "Basi unataka nini, mama? Tumekuzungusha kisiwa kizima na kiti mgongoni! Kaka anaondoka keshokutwa, na macho yako hayangoji!"

Hakuna aliyekuwa amemwambia mama maneno hayo machoni pake. Pacha mdogo alisema "Dada!" kwa sauti ya chini. Mpiga picha akajifanya anafuta kioo cha kamera. Nilitamani ardhi ile niliyoifagia ipasuke inimeze.

Mama hakukasirika. Aliinua uso, akanitafuta, akanipata.

"Kweli hayangoji," akasema. "Sasa weye n'ambie. Mie hapa nilipokaa, namwona nani?"

Nikageuka kutazama alikotazama yeye. Mbele yake kulikuwa na mpiga picha, mwanamke wa Wete, na kamera yake. Basi. Sote watano tulikuwa mgongoni pake. Kule Vumawimbi alikuwa ametazama bahari, na Pujini alikuwa ametazama vichaka.

"Siku zote munaniweka mbele," akasema, "mie nakaa. Munanikalisha kwa heshima, siwezi kukataa heshima. Lakini mie si nlisema nataka nikuoneni?"

"Picha ndiyo utakayotuonea mama," nikasema. Sauti ilikuwa imenipungua. "Nitaikuza, iwe kubwa hivi." Nikatanua mikono.

"Ukubwa ndio unaonitesa, mwanangu." Akakunja kiganja cha kulia kama ameshika mchi, akaacha tundu dogo katikati, akaliweka jichoni. "Mie naona kwa hapa tu. Kitu kikiwa karibu na kikubwa, napata kipande. Pale ukumbini nikimtazama kaka yenu, nyie wengine hamupo. Nikimtafuta pacha, kaka yenu keshapotea. Sikukusahauni. Hamuingii nyote, basi."

Mdogo wangu akafunika mdomo kwa mtandio.

"Mukiwa mbali," mama akaendelea, "munakuwa wadogo, munaingia. Nilidhani munajua. Weye si ulikuwepo kwa daktari?"

Nilikuwepo. Daktari alisema njia nyembamba, nami nilisikia, na nilikuwa na shughuli ya kuandika matone. Nilipiga magoti palepale kwenye majani nikamshika mama miguu, nikamwomba radhi. Aliniwekea mkono kichwani akasema haya, haya, inuka utachafua nguo aliyokushonea mdogo wako, katumia pesa nyingi.

Kaka ndiye aliyeuliza kilichokuwa cha kuulizwa tangu siku ya kwanza. "Unataka tusimame wapi, mama?"

"Bondeni," akasema. "Nipelekeni pahala pa dungu."

Bonde letu la mpunga liko chini ya kilima hichohicho, na sote tunalipita kila siku bila kuligeukia. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, yamebaki mabua, na bonde limekauka na kunyooka hadi mbali, kijani cha migomba huku na huku. Pembeni pana kiinuko kidogo. Hapo ndipo lilipokuwa dungu la mama, jukwaa la miti alilokuwa akikaa wakati wa kuamia ndege. Mpunga ukianza kukomaa, sisi watoto tulishinda bondeni tangu alfajiri, kila mmoja na kipande chake, kufukuza ndege wasile. Kaka alikuwa mwisho kabisa, mimi nikimfuatia, mapacha kipande kimoja kwa sababu wakitenganishwa walilia. Mdogo wetu alikuwa mgongoni kwa mama. Ili ajue nani amelala, mama alituita kwa zamu kutoka juu ya dungu, wa kwanza, wa pili, na kila mmoja alilazimika kuitika kwa ukelele uleule wa kufukuzia ndege. Asiyeitika alifuatwa na fimbo.

Tulimpandisha kwenye kiinuko. Mapacha walileta kiti, na safari hii mama alikaa bila kukalishwa, akakigeuza mwenyewe kidogo, akatazama bonde. "Haya, endeni," akasema.

Tukaingia mabuani na nguo zetu za sare. Tulipofika tuta la kwanza tukageuka. Mama akapunga mkono: bado. Tukaenda hadi la pili. Bado. Viatu vya mdogo wangu vilikuwa na visigino, akavivua akavishika. Kaka, mtu wa miaka hamsini na ushei, alishika pindo la kanzu kama mtoto wa chuo cha Kurani. Tulikuwa mbali sasa, mama amekuwa mdogo, na mpiga picha amesimama karibu yake, amekinga mikono mdomoni, anatupigia kelele anachoambiwa: rudini nyuma, sogeleaneni, mtu wa kushoto aingie ndani. Mwishowe mama akainua mikono yote miwili. Tukasimama.

Kisha ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka zaidi ya thelathini, imekwaruza kidogo lakini ni ileile. "Wa kwanza!"

Kaka akatazama chini, akatutazama sisi, akaweka viganja mdomoni. "Huuu-ha!" Kunguru waliruka kutoka migombani. Mapacha wakacheka hadi wakainama.

"Wa pili!"

Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Nilimwona mama amejipinda mbele kitini, kiganja jichoni, anatafuta. Akaita tena, "Wa pili!" na safari hii sauti ilikuwa na hofu ndani yake, kwamba pengine ananikosa, kwamba tundu limeshakuwa dogo kiasi hicho. Kaka akanigusa kwa kiwiko. Nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote, na machozi yakanitoka pamoja nao.

Mapacha waliitika kwa pamoja kama zamani. Mdogo wetu hakupata kuwa na kipande bondeni, kwa hiyo hakuwahi kuitika. Alipoitwa wa tano alishtuka, akapiga kelele nyembamba ya kuchekesha, viatu mkononi, na alipogeuka kunitazama uso wake ulikuwa umelowa wote.

Hatukuthubutu kusogea. Mpiga picha hakutupigia kelele tena. Alituambia baadaye kwamba mama alihesabu kwa vidole, akarudia mara tatu, akasema peke yake, "Watano. Wametimia, alhamdulillahi." Akakaa hivyo hadi jua lilipogusa minazi.

Picha ipo. Mpiga picha aliipiga ubavuni pa kiti, na kwa hesabu ya kazi yake ni mbaya: bonde tupu, na mbali kabisa watu watano wadogo kama punje, sura hazionekani, wala mama hayumo. Sikuikuza. Kaka aliondoka nayo kwenye simu, na watu wa Maskati wakimuuliza hii ni nini, anasema ni nyumbani.

Njia ya mama ilifunga kabla ya Ramadhani. Alituambia kama anayetoa habari ya mvua, akaomba maji ya udhu. Sikuzote Ijumaa baada ya sala kaka hupiga simu, nasi tulio Pemba hujikusanya ukumbini, na mdogo wetu huunganishwa kutoka Unguja. Simu huwekwa katikati ya busati. Ijumaa ya kwanza baada ya giza kaka alisalimia mara mbili, akauliza hali, akauliza tena hali.

Mama akamkata. "Wa kwanza, umesimama wapi?"

Kisha kaka akasema, kutoka Maskati, "Mwisho mkono wako wa kulia, mama. Karibu na migomba."

"Nakuona," akasema mama. "Wa pili!"

Nilikuwa nimekaa karibu naye hata magoti yetu yamegusana. "Niko pembeni pa kaka, mama," nikasema upesi. "Kwenye mabua."

Hakunigeukia. Alitazama mbele juu ya kichwa changu, mbali, kule nilikokuwa nimesimama siku ile.

"Nakuona," akasema. "Leo hukuchelewa."